Aya ya Ngapi? Bismillahi na Namba za Misahafu Yetu

Maneno haya niliyasema Mikindani baada ya swala ya Alasiri, mbele ya walimu wa madrasa waliotoka Mtwara mjini, Lindi na vijiji vya njiani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza vicheko, na pale nilipojisahau nimejazia.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zangu, maustadhi, walimu wetu wa kike mliokaa nyuma ya pazia, na nyinyi vijana mnaojifanya mmekuja kusikiliza kumbe mmefuata kahawa na kashata, karibuni nyote. Nimeambiwa nizungumze juu ya Bismillahi na namba za aya. Nilipoambiwa nilicheka peke yangu, maana jambo hili limewahi kuniumbua, na mwenye kuniumbua simlaumu.

Miaka kadhaa nyuma, kijana mmoja niliyemsomesha alipata mchumba Lindi. Akaja kwangu akasema, "Maalim, tuandikie maneno ya kadi." Nikaandika. Jina la bwana harusi, jina la bibi harusi, tarehe, mahali pa walima, na juu kabisa nikataka pawe na aya ile ya ndoa mnayoijua wote, ile ya mapenzi na huruma baina ya mume na mke. Mchapaji akaniambia kadi ni ndogo, maneno hayatoshi. Basi nikampa ufupisho: "Suratu-r-Rum, aya ya 21." Nikaona nimemaliza, tena kwa ustadi.

Siku ya tatu baada ya kadi kufika Lindi, simu yangu ikalia. Ni baba wa bibi harusi. Hata salamu ilikuwa ya nusu. Akasema, "Maalim, nyie watu wa Mikindani, mwanangu mnamwoa au mnamzika?"

Nikashangaa. Akaniambia amefungua kitabu chake, Suratu-r-Rum, aya ya 21, na akanisomea: miongoni mwa ishara zake Mwenyezi Mungu ni kwamba amewaumba kwa udongo, kisha mara mkawa watu mnaoenea. Udongo! Mzee wa watu amesambaza kadi kwa jamaa zake wote, na kila mwenye kitabu kama chake atafungua akute udongo.

Kesho yake nikapanda gari la Lindi na msahafu wangu kwapani. Tukakaa barazani kwake, yeye na kitabu chake, tafsiri ya zamani ambayo jalada limekwisha kutoka na kurasa zimeshonwa kwa uzi wa nyavu, mimi na msahafu wangu wa Madina. Tukaweka vidole juu ya mstari wa kwanza wa Suratu-r-Rum. Kidole changu kikaanza kuhesabu kwenye "Alif Laam Miim": moja. Kidole chake kikaanza juu yake, kwenye Bismillahi: moja. Yeye alipofika "Alif Laam Miim" alikwisha sema mbili. Tukaenda hivyo mpaka chini, yeye mbele yangu kwa aya moja kila hatua. Nilipofika 20, penye udongo, yeye akasema 21. Nilipofika 21, penye mapenzi na huruma, yeye akasema 22.

Tukatazamana. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Kosa lilikuwa langu, niliyetuma namba peke yake kama vile namba ndiyo aya.

Ndiyo maana leo nimekuja na hiki. (Hapa nilifungua kitambaa.) Huu ni msahafu wa mkono wa babu yangu mzaa mama. Wino wake mweusi, vichwa vya sura kwa wino mwekundu. Walio mbele wasogee watazame. Kila inapokwisha aya kuna kiduara cha manjano. Ndani ya kiduara hamna kitu. Hamna 1, hamna 2, hamna 286. Kurasa nazo hazina namba. Chini pembeni limeandikwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili kurasa zikichanganyika ujue ipi inafuata ipi. Na Bismillahi? Ipo mwanzo wa kila sura, kwa wino uleule mweusi wa aya, haikuandikwa kwa wekundu wa vichwa. Jambo hilo la wino liwekeni akilini, nitalirudia.

Babu alikuwa akitaka kumwonyesha mtu aya hamwambii "ya 255". Humwambia "Ayatul-Kursiyyi". Humwambia "pale penye Laqad jaa'akum". Ni kama nyumba za hapa Mikindani kabla ya mwaka 2022, walipokuja vijana na vibao vya anwani za makazi. Kabla ya hapo ulikuwa unasema nyumba ya fulani, yenye mwarobaini, nyuma ya msikiti. Sasa kuna kibao na namba. Nyumba ni ileile, na bado mgeni akipotea anaulizia mwarobaini.

Lakini nawatahadharisha na kauli moja ninayoisikia siku hizi, kwamba namba za aya zimeletwa na Wazungu. Hapana. Kuandika tarakimu ndani ya kiduara ndiko kulikokuja baadaye. Kuhesabu aya ni elimu kongwe ya Waislamu wenyewe. Misahafu ya karne za mwanzo ilikuwa na alama kila baada ya aya tano na kila baada ya aya kumi. Miji mikubwa ya wasomaji, Makka, Madina, Kufa na Basra za Iraki, na Sham, yaani upande wa Syria, kila mmoja ulikuwa na hesabu yake iliyopokewa kwa walimu wake. Abu Amr ad-Dani wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1053, aliandika kitabu kizima juu ya hesabu za aya, na baada yake ash-Shatibi, aliyefariki Cairo mwaka 1194, akaitungia mashairi ili wanafunzi waihifadhi. Mtu hatungi shairi juu ya jambo lisilo na wenyewe.

Sasa, kwa nini wahesabuji watofautiane na maneno ni yaleyale? Wanazuoni wameeleza hivi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisimama mwishoni mwa aya ili watu wajue kuwa hapa aya imekwisha. Watu wakishajua, mara nyingine huunganisha ili maana itimie. Aliyemsikia akisimama akahesabu mwisho wa aya. Aliyemsikia akiunganisha akadhani hapo si mwisho. Wote wamesikia. Hakuna herufi iliyoongezeka wala iliyopungua. Kilichotofautiana ni mahali pa kuweka kiduara.

Tuingie kwenye Alhamdu, maana hapo ndipo penye utamu. Wote wanakubaliana kuwa Suratul-Fatiha ina aya saba. Hilo limo katika Qur'ani yenyewe, Suratul-Hijr, pale aliposema Mwenyezi Mungu kuwa amempa Mtume wake "saba zinazokaririwa", na wafasiri wengi wamesema ndiyo Fatiha. Basi saba ni saba. Suala ni zipi.

Nyoosheni vidole. Hesabu ya Kufa na ya Makka: Bismillahi moja. Alhamdu lillahi Rabbil-alamina mbili. Ar-Rahmani-r-Rahim tatu. Maliki yaumid-din nne. Iyyaka naabudu mpaka nastain, tano. Ihdina-s-siratal-mustaqim sita. Kisha Siratal-ladhina mpaka waladh-dhallina yote kwa pumzi moja, saba.

Hesabu ya Madina, Basra na Sham: kidole cha kwanza kinaanza Alhamdu. Ukienda hivyo, ukifika Ihdina una tano tu, na bado unatakiwa upate saba. Saba wanaipata wapi? Ile ya mwisho, ndefu, wanaigawa. "Siratal-ladhina an'amta alayhim", sita. "Ghairil-maghdhubi alayhim waladh-dhallina", saba. Mtazame mwanafunzi wako mmoja aliyesoma kwa msahafu wa nje, utamwona anavuta pumzi pale "an'amta alayhim" na wewe unamkaripia kuwa amekata aya. Hakukata. Amesimama mwisho wa aya, kwa hesabu aliyoipokea.

Na ukitaka kuona raha ya hesabu hii ya pili, chukua ile hadithi qudsi iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameigawa swala baina yake na mja wake nusu mbili. Hadithi inaanzia Alhamdu, haitaji Bismillahi. Mja anasifu, anasifu, anatukuza, aya tatu. Halafu Iyyaka naabudu, ambayo Mwenyezi Mungu anasema hii ni baina yangu na mja wangu. Halafu zinabaki tatu za kuomba. Tatu huku, tatu huku, na moja katikati kama mkuku wa dau. Hiyo ni hoja nzito ya wasioihesabu Bismillahi katika Fatiha, na mimi, Shafii mtoto wa Shafii, nakiri kuwa ni nzito.

Sasa rudini kwenye wino wa babu. Hoja ya madhehebu yetu ni hiyohiyo ya wino. Masahaba walipouandika msahafu walikataa kuingiza humo chochote kisichokuwa Qur'ani. Hawakuandika majina ya sura, hawakuandika "amin". Lakini Bismillahi waliiandika mwanzo wa kila sura, kwa mkono uleule na wino uleule. Kama si Qur'ani, wameiandika kwa nini? Na ipo hadithi ya Ummu Salama, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyeeleza namna Mtume alivyokuwa akikata kisomo chake aya kwa aya, akaanza kuihesabu na Bismillahi. Kwa hiyo Imamu Shafii akasema ni aya ya Fatiha, asiyeisoma hana swala, na inasomwa kwa sauti katika swala za sauti. Imamu Malik akasema si aya ya Fatiha na akachukia isomwe katika swala ya faradhi. Abu Hanifa akasema ni aya ya Qur'ani iliyoteremshwa kutenganisha sura, si sehemu ya sura yoyote ukiacha ile ya Naml, isomwe kimyakimya. Wafuasi wa Imamu Ahmad nao huisoma kimya.

Mnaona ninapokwenda. Kuna msikiti, siutaji, ambako watu waligombana kwa sababu kijana aliyerudi masomoni aliswalisha Magharibi akaanza na "Alhamdu lillahi" bila kusikika Bismillahi. Mzee mmoja akatoka kwenye safu akaswali peke yake pembeni. Kijana naye akasema mzee hajui Sunna. Kila mmoja alikuwa na imamu nyuma yake. Kijana alikuwa na hadithi ya Anas, kwamba aliswali nyuma ya Mtume na Abubakari na Umar nao walikuwa wakianza kwa "Alhamdu lillahi Rabbil-alamina". Mzee alikuwa na miaka mia kadhaa ya pwani hii nyuma yake.

Na nikisema miaka mia kadhaa sitii chumvi. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulayman, na akaandika kuwa watu wa Kilwa ni watu wa dini na wema, na madhehebu yao ni Shafii. Yeye mwenyewe ametoka Tangier, ni mtu wa Malik. Fikirini sasa. Bila shaka aliswali Kilwa, na imamu wa Kilwa kwa madhehebu yake alisoma "Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim" kwa sauti, na mgeni wa Malik amesimama safuni, mdomo kimya, anasubiri Alhamdu. Hakuandika kwamba alitoka kwenye safu. Aliwasifu.

Basi nimemaliza la swala. Sikuja kuwagawa, na mwenye kutaka ugomvi aende kwenye mpira.

Tupite upesi kwenye Baraa, yaani Suratut-Tawba, maana mnaijua. Sura 114, vichwa vya Bismillahi 113, kwa kuwa Suratut-Tawba haina. Wamesema ni kwa sababu Bismillahi ni amani na sura ile imeshuka na tangazo la kuvunja mikataba. Wengine wamesema masahaba hawakupata kwa Mtume neno la wazi kama ni sura peke yake au ni mwendelezo wa Anfal, kwa hiyo wakaiacha bila Bismillahi. Kuweni waangalifu na watoto, maana ulimi uliozoea huteleza wenyewe. Ila ile moja iliyopungua ipo kwingine: katika Suratun-Naml, ndani ya barua ya Nabii Sulayman kwa malkia wa Sabaa, imo Bismillahi kamili katikati ya aya ya 30. Hiyo hakuna anayebishana nayo. Kwa Kufa, kwa Madina, kwa Shafii, kwa Malik, ni Qur'ani. Ukizijumlisha unapata 114, sawasawa na idadi ya sura.

Nawapa na nyingine ya njiani. Wavuvi wetu wakisukuma chombo majini husema "Bismillahi majreha wamursaha". Ni maneno ya Nabii Nuh katika Suratu Hud. Hiyo ni Bismillahi nusu, haina Rahmani wala Rahim, wala haihusiki na hesabu yetu. Ila sikilizeni neno "majreha". Limeandikwa kama la kusomwa "majraha", lakini katika kisomo cha Hafs, tunachokisoma sisi, linasomwa kwa "e". Ni neno moja tu katika msahafu mzima ambalo Hafs analiinamisha namna hiyo. Waarabu wengi hupata tabu kulifundisha kwa watoto wao. Sisi Waswahili "e" tunayo tangu tumboni, na watoto wa wavuvi wa hapa walikwisha kulitamka sawa kabla hawajafika chuoni. Hii haina uhusiano na mada, lakini hunifurahisha.

Turudi. Tofauti kubwa ya pili baada ya Bismillahi ni zile herufi za mwanzo wa sura. Sura 29 zinaanza na herufi: Alif Laam Miim, Yaa Siin, Haa Miim na wenzake. Watu wa Kufa peke yao ndio wanaozihesabu kuwa aya kamili, na si zote. "Alif Laam Miim" kwao ni aya. "Taa Haa" ni aya. "Yaa Siin" ni aya. "Haa Miim" ni aya, na katika Suratush-Shura "Haa Miim" ni aya ya kwanza na "Ain Siin Qaaf" ni aya ya pili. Lakini "Alif Laam Raa" si aya. "Taa Siin" ya Naml si aya, ingawa "Taa Siin Miim" ni aya. Saad, Qaaf na Nuun si aya. Mwanafunzi mwerevu atakuuliza kwa nini Yaa Siin iwe aya na Taa Siin isiwe, herufi mbili kwa mbili. Usimtungie sababu. Wanazuoni walisema hii ni elimu ya kupokea, haipimwi kwa rula. Mwambie hivyohivyo.

Ndiyo maana Yasini yetu tunayoisoma kwenye hitima ina aya 83, na kwa hesabu za miji mingine ni 82. Ndiyo maana kijana aliyesoma Libya akaja na msahafu wa riwaya ya Qalun, yaani kisomo kama alivyokipokea Qalun, Alhamdu yake inaanza namba moja kwenye "Alhamdu", na Baqara yake namba moja ni "Alif Laam Miim" pamoja na "dhalikal-kitabu" mpaka "lil-muttaqina". Msimnyang'anye. Huo ni msahafu, tena wa mapokezi ya Madina.

Jumla sasa. Hesabu ya Kufa, ambayo mapokezi yake yanapitia kwa Abu Abdir-Rahman as-Sulami mpaka kwa Ali bin Abi Talib, ni aya 6,236. Ya Madina, ile ya mwisho kati ya hesabu zake mbili, ni 6,214. Ya Basra ni 6,204. Na sisi chuoni tulifundishwa ngapi? (Wakajibu karibu wote kwa pamoja: elfu sita mia sita sitini na sita.) Haya! Nami nilifundishwa hiyohiyo, na nikiikosea napigwa fimbo. 6,666. Inaimbika, inashikika, watoto wanaipenda. Lakini chukueni msahafu wowote wa Madina, jumlisheni aya za sura zote 114. Mimi nimefanya kwa kalamu, kisha kwa kikokotoo, kwa sababu kalamu sikuiamini. Ni 6,236. Mkiongeza zile Bismillahi 112 zisizo na namba mnafika 6,348, bado mko mbali. Katika hesabu za ile miji niliyoitaja, hakuna hata moja inayofika elfu sita mia sita. Mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, fimbo zile nimemsamehe.

Swali ni kwamba hesabu ya Kufa imefikaje kuwa ya dunia nzima, hadi simu zenu zote zinasema 2:255 na mtu hafikirii mara mbili. Imepanda pamoja na kisomo cha Hafs, ambacho nacho ni cha Kufa. Na kilichoifunga kabisa ni chapa ya Cairo ya mwaka 1924. Misri chini ya Mfalme Fuad ilitaka msahafu mmoja wa kutumika shuleni, maana waliokuwa nayo ilikuwa na makosa ya uchapaji na haikulingana. Kamati ikiongozwa na Sheikh Muhammad bin Ali Khalaf al-Husayni, maarufu kwa jina la al-Haddad, ikaandaa chapa kwa riwaya ya Hafs na hesabu ya Kufa. Kabla ya hapo vitabu vya Ulaya vilifuata chapa ya Mjerumani Gustav Flügel ya Leipzig, mwaka 1834, ambaye aligawa aya kwa namna yake mwenyewe. Mkikuta kitabu cha zamani cha Kijerumani kinataja aya na haipatikani, dawa ni kwenda nyuma au mbele aya kadhaa. Kisha mwaka 1984 kikafunguliwa kiwanda cha Mfalme Fahd pale Madina, na msahafu kwa hati ya Uthman Taha, kurasa 604, mistari 15, kila ukurasa unakwisha na mwisho wa aya. Mahujaji wetu wakirudi ndio wanaoubeba. Leo ukiingia msikiti wowote kuanzia Kilwa Masoko mpaka Msimbati, rafuni utaukuta.

Utazameni vizuri. Katika Fatiha, Bismillahi ina kiduara na namba 1. Katika Baqara, Bismillahi imekaa mstari wake peke yake, katikati, haina kiduara. Na sura nyingine zote hivyohivyo. Msahafu haukusema kuwa Bismillahi zile si Qur'ani. Umesema tu kwamba kwa hesabu ya Kufa hazihesabiwi. Na kwenye baadhi ya machapa ya India na Pakistani, hata ile ya Fatiha haina namba, kwa kuwa wenyewe ni watu wa Abu Hanifa. Namba moja inakaa kwenye Alhamdu na kuna alama pale "an'amta alayhim".

Na tafsiri zetu za Kiswahili. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, inakwenda na hesabu hii iliyoenea. Lakini tafsiri ya Jumuiya ya Ahmadiyya ya mwaka 1953, iliyosimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad, inahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza katika kila sura yenye Bismillahi mwanzoni. Kwa hiyo Ayatul-Kursiyyi humo ni 256. Sura mbili tu hazibadiliki: Fatiha, kwa sababu ilikwisha hesabiwa, na Tawba, kwa sababu haina. Sisemi hapa habari ya itikadi, wala sitaki maswali ya itikadi leo. Nasema habari ya namba. Mtu akikuletea aya ya 21 na wewe ukaona si yenyewe, kabla hujamwita mwongo, tazama ya 20 na ya 22.

(Hapa ustadhati mmoja akauliza kutoka nyuma ya pazia: "Maalim, hadithi inasema Tabaraka, yaani Suratul-Mulk, ni aya thelathini zilizomwombea mtu wake mpaka akasamehewa. Sisi Mashafii tukisema Bismillahi ni aya ya kila sura, si zitakuwa thelathini na moja?")

Mnasikia swali? Hilo ndilo swali. Hoja hiyohiyo wameitumia wanazuoni wasioihesabu. Wa kwetu wamejibu kwa njia mbili. Wako waliosema thelathini ni zile zinazohusu sura yenyewe, ukiacha Bismillahi ambayo sura zote zinashirikiana. Na wako waliosema Bismillahi na mwanzo wa sura ni aya moja, kwa hiyo idadi haipandi. Wewe wafundishe mabinti thelathini kama ulivyo msahafu walioushika, na waisome Bismillahi. Akija mmoja akakuuliza ulivyoniuliza, mpe majibu yote mawili, na umpe zawadi.

Jambo la kufanya kwenye madrasa zetu ni dogo. Kila msahafu uliochapwa vizuri una kurasa mbili tatu za mwisho ambazo hatuzisomi. Humo imeandikwa ni riwaya ya nani, na hesabu ya mji gani. Mwalimu asome ukurasa huo kabla hajaandaa maswali ya mashindano. Na kwenye karatasi ya swali asiandike "anzia aya ya 20" akaishia hapo. Aandike na maneno mawili matatu ya mwanzo wa aya. Mtoto aliyehifadhi ataendeleza tu, hata kama kwao aya hiyo ni ya 19.

Ile harusi ya Lindi ilifanyika, na watu walikula pilau bila ya kutaja udongo. Mwaka juzi mzee yuleyule alimwoza binti yake wa pili. Safari hii maneno ya kadi aliyaandika mwenyewe, na kadi ilikuwa kubwa. Nimekuja nayo, ipo humu ndani ya msahafu wa babu. Juu pameandikwa aya nzima, Kiarabu na Kiswahili, na chini yake: "Suratu-r-Rum, aya ya 21. Kwa baba wa bibi harusi ni ya 22."